SOMO LA AFYA: MASHINE YA MRI NA MARADHI YA UUME YASIYO YA SARATANI



Katika ukurasa huu tumezoea kujifunza juu ya migongo inayoumia kwa kubeba magunia, macho yanayoumia kwa cheche na vifua vinavyoharibika kwa vumbi. Leo tunajifunza juu ya kiungo ambacho sisi wanaume hatukitaji mkutanoni. Tumeamua kukitaja kwa sababu tumeona watu wakiharibikiwa kwa kunyamaza. Akina mama na akina dada nao wasome somo hili, maana mara nyingi mke ndiye wa kwanza kujua kwamba mume ana tatizo, na ndiye anayeweza kumhimiza aende hospitali.

Mwenzetu mmoja ni kuli wa gatini katika pwani yetu hii ya kaskazini ya Cabo Delgado. Usiku mmoja akiwa na mkewe alisikia mlio kama wa kijiti kinachovunjika. Papo hapo uume ukalala, ukauma sana, na kabla ya alfajiri ulikuwa umevimba na kugeuka rangi kama bilinganya. Asubuhi alimwambia nyapara kwamba mgongo unamwuma. Akakaa nyumbani siku tisa akikandwa kwa maji ya moto na majani. Siku ya kumi alikuja kwetu, akaketi kimya kwa muda mrefu, kisha akasema, "Kaka, si mgongo."

Tulimsindikiza kwenye kituo cha afya. Uvimbe ulikuwa umekwisha kupungua, lakini uume ulikuwa umeanza kupinda. Baadaye alivuka mto Ruvuma pamoja na shemeji yake, akaenda mpaka Dar es Salaam ambako ana jamaa, akapimwa kwa mashine ya MRI. Picha zilionyesha mahali ambapo ala ya ndani ilipasuka na kovu lililojijenga hapo. Daktari alimwambia neno ambalo ndilo kiini cha somo letu: "Ungekuja usiku ule ule, mashine hii tusingeihitaji."

Mwenzetu ametupa ruhusa tueleze habari yake bila ya jina. Basi tujifunze mambo matatu: mashine hii ni nini, inasaidia katika maradhi gani, na ni wakati gani mtu asiingoje.

1. UUME UMEJENGWAJE

Huwezi kuelewa ugonjwa wa mashine kama hujui vipuri vyake. Hali kadhalika mwili.

Ndani ya uume mna mirija mitatu mirefu. Miwili iko juu, imelala ubavu kwa ubavu. Hii imejaa nyama laini yenye matundu madogo madogo kama sifongo. Mrija wa tatu uko chini, nao ndio unaozunguka njia ya mkojo. Uume unaposimama, damu huingia kwa wingi katika ile mirija miwili ya juu na kuijaza, na njia za kutokea damu hubanwa. Hakuna mfupa wala msuli unaousimamisha. Ni damu tu iliyofungiwa.

Mirija ile miwili imevikwa ala ngumu nyeupe, kama kisu kinavyovikwa ala. Uume ukiwa umelala, ala hii ina unene wa kiasi cha milimita 2. Uume ukisimama, ala hunyooshwa mpaka ikawa nyembamba kuliko nusu ya milimita. Hapo ndipo penye hatari. Kitambaa cha tanga kilichovutwa na upepo mpaka mwisho hupasuka kwa kuguswa kidogo, na ala hii ni vivyo hivyo. Tafadhali tuikumbuke ala hii, maana habari nyingi za somo letu zinaihusu.

2. MASHINE YA MRI INAFANYA KAZI GANI

Wengi wetu tunajua picha ya eksirei, ambayo imetumika tangu mwaka 1895. Eksirei huonyesha mifupa vizuri, lakini nyama laini haizipambanui. Uume hauna mfupa, kwa hiyo eksirei haisaidii sana.

Wengi pia wanaijua ultrasaundi, ile mashine ambayo akina mama wajawazito hupimwa. Inatuma sauti ambayo sikio la mtu haliisikii, na sauti hiyo ikirudi inageuzwa picha. Ni mashine ndogo, bei yake ni nafuu kuliko MRI, na haina madhara. Inaonyesha damu inavyokwenda katika mishipa. Kwa maradhi ya uume, ultrasaundi ndiyo picha inayotangulia mara nyingi.

MRI ni mashine ya tatu. Wenzetu wanaosema Kireno huiita resonansia. Mwaka 1973 mtaalamu wa Marekani, Paul Lauterbur, alitangaza picha ya kwanza iliyopatikana kwa njia hii, na mwaka 1977 mwili wa binadamu aliye hai ukapigwa picha kwa mara ya kwanza. Lauterbur na mwenzake wa Uingereza, Peter Mansfield, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2003 kwa kazi hiyo.

Namna inavyofanya kazi, mabaharia wataielewa upesi. Nahodha ana dira, na sindano ya dira huelekea kaskazini kwa sababu dunia yenyewe ni kama sumaku. Mwili wa mtu umejaa maji, na ndani ya maji mna chembe ndogo mno za haidrojeni ambazo zina tabia kama ya sindano za dira. Mashine ya MRI ni sumaku kubwa sana yenye umbo la pipa lililolazwa. Mashine za kawaida zina nguvu ya tesla 1.5, yaani zaidi ya mara 30,000 ya nguvu ya sumaku ya dunia. Mtu akilala ndani yake, zile sindano ndogo za mwilini hujipanga. Kisha mashine hutuma mawimbi ya redio yanayozisukuma kando. Mawimbi yakikatika, sindano hurudi mahali pake, na katika kurudi hutoa mawimbi yao ambayo mashine huyapokea. Maji, mafuta, damu na kovu hazirudi kwa mwendo mmoja. Kompyuta huzipambanua na kuchora picha.

Katika picha hizo, nyama ya sifongo iliyojaa damu inaweza kuonekana nyeupe, na ala inayoizunguka inaonekana kama mstari mweusi. Mstari ukiwa mzima, ala ni nzima. Mstari ukikatika, hapo ndipo palipopasuka. Mganga wa upasuaji anajua mahali hasa pa kufungua. Hiyo ndiyo faida kubwa ya MRI.

Kipimo chenyewe hakina mionzi kama ya eksirei wala hakiumizi. Mgonjwa hulala chali. Uume huwekwa juu ya tumbo na kushikizwa kwa utepe ili usitikisike, kisha kifaa bapa cha kupokea mawimbi huwekwa juu yake. Mgonjwa hufunikwa shuka. Hukaa ndani bila kujitikisa kwa muda wa nusu saa hivi, na pengine zaidi. Mashine hupiga kelele nyingi kama nyundo juu ya bati, kwa hiyo hupewa vya kuziba masikio. Wakati mwingine hupigwa sindano ya mshipani yenye dawa inayofanya sehemu zenye damu zionekane wazi zaidi. Mwenye ugonjwa wa figo aseme kabla ya kupigwa sindano hiyo. Wako wanaoingiwa na hofu kwa kuwa ndani ya pipa. Hao nao waseme mapema, na watapewa kengele ya kubonyeza.

3. MARADHI AMBAYO MRI INAWEZA KUSAIDIA

Hapa tunasema juu ya maradhi ambayo si saratani. Lakini kidonda au uvimbe juu ya uume usiopona lazima uonekane na mganga, na mtu asijiamulie mwenyewe kwamba si kitu.

(a) Kupasuka kwa ala. Watu husema "uume umevunjika," ingawa hauna mfupa. Hutokea uume uliosimama unapogonga au kupindwa kwa nguvu. Mara nyingi ni katika tendo la ndoa, lakini huweza kuwa kwa kugeuka vibaya usingizini, au kwa mtu kuupinda kwa mkono ili ulale. Dalili zake ni zile za mwenzetu: mlio, maumivu, kulala ghafula, uvimbe na weusi. Damu ikitoka katika tundu la mkojo, au mkojo ukikataa kutoka, maana yake huenda njia ya mkojo nayo imepasuka.

Hii ni dharura. Dawa yake ni kushonwa, na matokeo huwa mazuri mtu akishonwa mapema, hasa katika saa 24 za mwanzo. Mganga akiona dalili zote zimetimia, hana haja ya kungoja picha. MRI huja pale tu ambapo mashaka yapo: dalili hazikutimia, au ultrasaundi haikuonyesha wazi, au siku zimepita. Aliyechelewa kama mwenzetu huweza kubaki na kovu, kupinda, maumivu au udhaifu wa kusimama. Kukanda kwa maji ya moto hakushoni ala. Kunaongeza uvimbe na kupoteza saa.

(b) Uume kupinda. Wako watu wazima ambao ala yao hujenga kovu gumu polepole, na uume ukisimama hupinda na kuuma. Ugonjwa huu umepewa jina la François Gigot de La Peyronie, mganga wa upasuaji wa mfalme wa Ufaransa, aliyeuandika mwaka 1743. Si zinaa, si uchawi, si adhabu. Hauambukizi. Mganga huugundua kwa kuuliza na kupapasa. Ultrasaundi huona vizuri kovu lililogeuka gumu kama chokaa, jambo ambalo MRI haina ustadi nalo. MRI husaidia kuona upana wa kovu na hali ya nyama ya ndani, na kwa ile sindano huweza kuonyesha kama kovu bado lina uvimbe wa moto. Huu si ugonjwa wa dharura. Mara nyingi waganga hungoja mpaka upindaji utulie kwa miezi kadhaa ndipo wafikirie kupasua. Mtu asikubali kukatwa haraka haraka na mtu asiyemjua.

(c) Kusimama kusikokoma. Huku ni uume kusimama kwa zaidi ya saa 4 bila hamu, tena kwa maumivu. Damu imeingia na haitoki, inakosa hewa safi, na nyama ya sifongo inaanza kufa. Jambo hili linatuhusu sana sisi wa pwani hii, kwa sababu moja ya sababu zake kubwa ni ugonjwa wa selimundu, ambao wengi huuita sikoseli. Ugonjwa huu umeenea katika nchi zenye malaria nyingi, na pwani yetu ni mojawapo. Kwa jirani zetu wa Tanzania inakadiriwa kwamba watoto zaidi ya 10,000 huzaliwa nao kila mwaka, na Muhimbili imekuwa ikiwafuatilia wagonjwa wake kwa mpango maalumu tangu mwaka 2004. Wavulana na vijana wenye sikoseli hupatwa na hali hii mara nyingi usiku. Huona haya kumwambia mama. Mzazi mwenye mtoto wa kiume mwenye sikoseli amwambie mapema, kwa upole: "Mwanangu, likikupata jambo hili, niamshe."

Sababu nyingine ni baadhi ya dawa, hasa sindano za kusimamisha uume. Hii pia ni dharura. Mganga hunyonya damu ile nzito kwa sindano na kutia dawa. Baada ya siku moja au mbili kupita, madhara huwa makubwa na huenda yasirudi nyuma. Hapo MRI huwa na kazi yake: yenye sindano ya mshipani huonyesha nyama ipi bado ina damu na ipi imekufa, ili waganga waamue la kufanya. Lakini saa za mwanzo si saa za kutafuta MRI. Ni saa za kukimbilia kwa mganga wa karibu mwenye sindano.

(d) Damu kuganda ndani ya mrija mmoja. Huu ni ugonjwa wa nadra, lakini tunautaja kwa ajili ya wenzetu wanaoendesha baiskeli kutwa nzima wakibeba mizigo. Umeonekana kwa watu wanaokaa muda mrefu juu ya kiti chembamba cha baiskeli. Mtu husikia maumivu na ugumu kama fundo katika shina la uume, kati ya mapaja, upande mmoja. MRI ndiyo mashine inayouonyesha vizuri kuliko zote. Mara nyingi hutibiwa kwa dawa bila kupasuliwa. Kinga yake ni rahisi: kiti kipana, kisichoinuliwa mbele, na kushuka mara kwa mara.

(e) Uvimbe na jipu. Uvimbe mdogo laini chini ya ngozi, usiouma, huweza kuwa kifuko cha maji au mafuta tu. Wengine hupata kifuko cha namna hiyo kwenye kovu la jandoni, kwa sababu kipande cha ngozi kilifungiwa ndani wakati wa kupona. Vingi hutambulika kwa macho na vidole vya mganga. MRI hutumika ikiwa haijulikani kifuko kimeingia ndani kiasi gani, au jipu limefika wapi.

4. MARADHI AMBAYO HAYAHITAJI MRI

Tuseme wazi ili mtu asiuze shamba kwa kutafuta mashine asiyoihitaji.

Busha halihitaji MRI. Busha ni maji yaliyojaa katika mfuko wa korodani, na katika pwani yetu huletwa mara nyingi na minyoo ya matende inayoenezwa na mbu. Mganga huzima taa na kumulika tochi nyuma ya uvimbe. Maji hupitisha mwanga, ngiri na uvimbe mgumu havipitishi. Akiwa na ultrasaundi, ataona zaidi, na pengine ataiona hata minyoo yenyewe ikijinyonganyonga ndani ya mishipa yake. Busha hutibiwa kwa upasuaji ambao hospitali nyingi za kawaida huufanya. Uume uliovimba ngozi kwa matende nao hutambulika kwa macho.

Usaha na vidonda vya zinaa havihitaji MRI. Vinahitaji kupimwa damu, mkojo au usaha, na dawa, pamoja na mwenzi wako.

Mshipa wa juu wa uume kuwa mgumu kama uzi chini ya ngozi, baada ya kazi nzito ya ndoa au kuumia, mara nyingi ni damu iliyoganda katika mshipa wa nje. Mganga akithibitisha, pengine kwa ultrasaundi, huweza kupona wenyewe kwa wiki chache za mapumziko.

Kwa hiyo utaratibu ni huu: kwanza kusema, pili kutazamwa na kupapaswa, tatu ultrasaundi, na mwisho MRI kama bado pana swali lisilojibiwa. Daktari akikuandikia MRI, muulize kwa heshima: "Daktari, picha hii itabadilisha nini katika matibabu yangu?" Swali hilo si utovu wa adabu. Ni haki ya anayelipa nauli.

5. CHUMA MWILINI: JAMBO LA KUSEMA KABLA YA KUINGIA

Sehemu hii kila mfanyakazi aishike, awe mwanamume au mwanamke, maana inahusu MRI ya kiungo chochote.

Sumaku ile huwa inafanya kazi wakati wote, hata kama hakuna mgonjwa ndani. Ufunguo, kisu, simu au sarafu mfukoni vinaweza kuruka kama risasi. Chuma kilicho ndani ya mwili nacho huweza kusogea au kupata moto.

Wa kwanza kujihadhari ni mafundi wa kuchomelea na wa kusaga chuma. Kipande kidogo kama chembe ya mchanga huweza kuingia jichoni na kukaa humo miaka bila mtu kujua. Ndani ya MRI kipande hicho huweza kusogea na kumpofusha. Fundi aseme kazi yake hata kama hakuulizwa, ili apigwe kwanza picha ya eksirei ya macho.

Wa pili ni watu waliopita vitani. Katika mkoa wetu hawa ni wengi. Vita vya ukombozi vilianza Chai tarehe 25 Septemba 1964. Vikaja vita vya ndani vilivyokwisha mwaka 1992. Kisha yakaja mashambulizi yaliyoanza Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba 2017. Wazee wetu na vijana wetu wanatembea na vipande vya bomu na risasi miilini mwao, na wengine wamevisahau. Vingine si vya hatari, lakini anayeamua ni mtaalamu baada ya kuona eksirei. Mgonjwa asijiamulie.

Wa tatu ni wenye vyuma vya hospitali: vifaa vya kuendesha moyo, vibanio vya mishipa ya kichwa, vyuma vya mifupa. Vingi vya siku hizi vinaruhusiwa, vingine haviruhusiwi. Chukua cheti cha upasuaji wako kama unacho.

Kwa hiyo MRI si mashine ya kuingia kwa siri na haraka. Anayeficha ugonjwa wake mara nyingi huficha na historia yake, na hapo hudhurika mara mbili.

6. KAZI YA TAWI

Mashine ya MRI haipo katika vituo vya afya vya wilaya zetu. Vituo vingi vya afya vya kaskazini viliharibiwa katika mashambulizi, na wahudumu wake wakakimbia pamoja na sisi. Hospitali ya mkoa iko Pemba. Maputo iko zaidi ya kilomita 2,000 kutoka hapo. Ndiyo maana wengi wa Palma na Mocímboa da Praia hutazama ng'ambo ya Ruvuma, kwenda Mtwara na Dar es Salaam, kama babu zetu walivyofanya kwa jahazi. Kuwa mbali na mashine ni shida ya kweli, na ni haki yetu kudai huduma bora. Lakini maradhi mawili ya dharura tuliyoyataja, la ala kupasuka na la kusimama kusikokoma, hayakuharibu watu kwa kukosa MRI. Yamewaharibu kwa saa zilizopotea nyumbani.

Basi tunashauri kila tawi lifanye haya:

Kwanza, lichague mwanamume mmoja mtu mzima na mwanamke mmoja mtu mzima, watu wenye kufunga mdomo, ambao mwanachama anaweza kuwaendea hata usiku. Kazi yao si kutibu. Ni kusikiliza na kumsindikiza mtu kwa mganga.

Pili, liwe na mpango wa usafiri wa dharura: pikipiki ya nani, mashua ya nani, na mafuta yatalipwa kutoka mfuko gani.

Tatu, lizungumze na wasimamizi wa kazi ili cheti cha daktari kinachoonyesha siku za mapumziko kitoshe, bila ya mfanyakazi kulazimishwa kutaja kiungo kinachouma mbele ya wengine. Mwenzetu alisingizia mgongo kwa sababu aliogopa kuchekwa gatini. Kama asingeogopa, huenda asingekaa siku tisa.

Nne, wanachama waache mzaha. Mzaha wetu wenyewe ndio ulinzi mkubwa wa ugonjwa huu. Siku mwenzako anapokuambia habari yake, usiipeleke kibarazani.

Mwenzetu yule amerudi kazini. Hakupona kabisa, lakini anatibiwa, na mkewe yu pamoja naye. Tulipomsomea somo hili kabla ya kulileta hapa, alituomba tuongeze jambo moja. Alisema kwamba safari nzima ya kwenda mpaka kwenye mashine ilikuwa nyepesi kuliko kufungua mdomo siku ile ya kumi. Mficha maradhi, kilio humfichua, walisema wazee. Mashine inaona ndani ya nyama, lakini haiwezi kumwona mtu aliyejifungia nyumbani.

7. MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Ala ya uume iko wapi, na kwa nini hupasuka wakati uume umesimama tu?

2. Kuna tofauti gani kati ya eksirei, ultrasaundi na MRI? Ipi hutangulia katika maradhi ya uume?

3. Taja maradhi mawili ambayo mtu hapaswi kungoja hata asubuhi. Katika kijiji au mtaa wenu, mtu akipatwa usiku, atakwenda wapi na kwa chombo gani?

4. Nani katika kikundi chenu amewahi kufanya kazi ya kuchomelea au kusaga chuma, au ana kipande cha risasi mwilini? Atasema nini kabla ya kuingia katika MRI?

5. Mzazi mwenye mtoto wa kiume mwenye sikoseli amwambie nini, na kwa maneno gani?

6. Je, katika sehemu yenu ya kazi mwanamume anaweza kusema ukweli wa ugonjwa wake bila kuchekwa? Kama hawezi, mtafanya nini mwezi huu kubadilisha hali hiyo?

Vikundi vinaombwa kulisoma somo hili kwa sauti kwa ajili ya wenzetu wasiojua kusoma, na kulieleza kwa Kimwani na Kimakonde pale inapohitajika.